Wilchea Ina Namba, Kama Kiatu

Sitazunguka. Familia nyingi hapa Kenya zikipata mtu wa kiharusi nyumbani zinanunua kiti cha magurudumu cha mtu mwingine. Pesa ni zao, mgonjwa ni wao, lakini kiti ni cha mtu hata hawamjui: mtu mwenye mikono miwili yenye nguvu, ama mtu wa kusukumwa tu kama mkokoteni. Sisi tulifanya hivyo. Bado niko na uchungu nayo, ndio maana naandika.

Najua kwa wengi wenu hii inakaa mada ya wazee. Mimi pia nilikuwa hapo, hadi asubuhi moja Anko alianguka bafuni na akatoka hospitali na nusu ya mwili. Anko ni ndugu mdogo wa mathe. Ameuza viatu vya mitumba Gikomba tangu mimi niko chekechea. Viatu vyangu vyote vya shule vilitoka kwake, na si zile za mwisho wa belo, ni kamera. Kiharusi kilimpiga ubongo upande wa kulia, na kwa sababu upande wa kulia wa ubongo ndio unaongoza upande wa kushoto wa mwili, mkono na mguu wa kushoto vikalala. Madaktari wanaita hemiplejia. Mtaani tunasema amepooza upande mmoja. Mdomo haukuguswa, na tunashukuru Mungu, kwa sababu Anko bila mdomo si Anko.

Basi tukafanya kile familia za Kenya hufanya. Grupu ikafunguliwa, mweka hazina akachaguliwa, M-Pesa zikaanza kuingia. Binamu yangu akatumwa tao na shilingi elfu kumi na tano. Akaingia duka la kwanza, akauliza, "Mko na wilchea?" Wakasema wako nayo. Akalipa, akaibeba kwa matatu (na makanga akailipisha kama mzigo, hiyo ni stori ya siku nyingine). Kiti kikafika nyumbani bado kimefungwa nailoni. Tukapiga picha, tukaomba, Anko akawekwa juu yake. Akaangalia miguu yake chini inaning'inia kama ya mtoto kwa kiti cha kinyozi, halafu akaniangalia.

"We kijana, hii ni namba ngapi?"

Tukacheka sana. Nilidhani ni yale mambo yake ya Gikomba. Ilinichukua miezi miwili kujua kwamba katika ile familia yote, wenye digrii na wasio na digrii, ni mgonjwa peke yake aliuliza swali la maana.

Ile wilchea iko kila duka la dawa na vifaa, ile ya kukunjwa, vyuma vya fedha na kitambaa cheusi cha nailoni, ilitengenezwa kwa kazi ya hospitali. Unamtoa mtu wodi, unampeleka eksirei, unamrudisha. Nusu saa, na mtu wa kusukuma yuko nyuma. Kiti chake kiko juu, karibu sentimita 50 kutoka chini. Mtu akikaa hapo siku nzima na ana mkono mmoja tu, hicho si chombo cha kutembea. Umempakia na umemwegesha.

Kama huniamini, fanya hii majaribio. Tafuta wilchea, kaa, weka mkono wa kushoto mapajani na usiutumie. Sasa sukuma gurudumu la kulia. Utafanya nini? Utazunguka. Unaenda kushoto, kushoto, kushoto, kama kuku amekanyagwa. Anko alizunguka sebuleni siku tatu halafu akaacha. Sisi tukasema amekata tamaa, mathe akasema ni huzuni ya kiharusi, pasta akaitwa. Kumbe ni hesabu tu. Gurudumu moja likisukumwa na lingine halisukumwi, hakuna kuenda mbele.

Kile hatukujua ni kwamba mtu aliyepooza upande mmoja bado ana injini, na injini yenyewe iko kwa mguu. Mkono mzima unasukuma gurudumu, na mguu mzima unakanyaga chini kwa kisigino, unavuta, na unapiga kona. Mkono unatoa nguvu, mguu ndio usukani. Ukiona mtu amezoea, anaenda laini kabisa. Lakini mguu hauwezi kuvuta ardhi ambayo hauifikii. Kwa hivyo kiti lazima kiwe chini, na kile kibao cha kuwekea mguu upande mzima kitolewe kabisa kisimzuie. Cha upande uliopooza kinabaki. Hiyo ndiyo siri yote, na haikuwa siri. Kuna viti vinatengenezwa hivyo, kama sentimita 44 kutoka chini, na kuna vingine fundi anaweza kuhamisha gurudumu kubwa kwa tundu la juu ili kiti kishuke. Ungeuliza tu.

Aliyetuambia ni fizio, dada mmoja mpole lakini hana mchezo. Aliingia, akaangalia kiti, akaangalia Anko, akauliza, "Nani alimpima?" Kimya. Akatoa tepu ya fundi wa nguo kwa mkoba. Acha niwaonyeshe alichofanya kwa sababu ni kitu unaweza kufanya kesho, hata kabla hujachanga shilingi moja.

Alimkalisha Anko kwa kiti kigumu cha mbao, na viatu vyake vya kila siku mguuni. Akapima kutoka nyuma ya goti hadi chini: sentimita 47. Halafu akabonyeza mto wa kukalia, akasema mtu akishaukalia utabaki kama sentimita 3. Arobaini na saba toa tatu ni arobaini na nne. Hiyo ndiyo namba ya Anko. Sasa piga hesabu ya kile tulinunua: kiti sentimita 50, ongeza mto 3, ni 53. Miguu yake ilikuwa inaelea hewani sentimita sita. Na hapo kwa mto ndipo watu wengi hupotea, hata wale wamejaribu. Mnanunua kiti cha chini vizuri, halafu shosho analeta mto mnene kwa upendo, na mguu unaacha kufika chini tena.

Upana alipima nyonga mahali pana zaidi, akaacha nafasi ndogo tu ya kupitisha kiganja kila upande. Kiti kikiwa kipana sana, mtu wa upande mmoja anaporomokea ule upande uliolala, kila saa mnamnyoosha. Zaidi ya hapo hata mlango unakataa. Kiti chenye sehemu ya kukalia ya sentimita 45 kinaweza kufika karibu 65 kwa nje, na wewe unajua milango ya choo za ploti zetu. Sisi tulipima bei, mlango hatukupima.

Urefu wa kukalia, kutoka mgongoni kuja mbele, uishie kabla ya nyuma ya goti, ubaki na nafasi ya vidole viwili vitatu. Kwa mtu anayevuta na mguu, nafasi iwe kubwa kidogo kuliko hapo, kwa sababu goti linakunja na kukunjua kila hatua. Kiti kikiwa kirefu, ukingo unamgonga nyuma ya goti, naye ili kuukwepa anateleza mbele, anakaa kwa mgongo badala ya makalio. Mnadhani ni uvivu.

Na kile kitambaa cha nailoni hubonyea katikati kama machela. Mtu mzima anaikalia tu. Mtu aliyepooza nyonga yake inazama upande mmoja, na mgongo unafuata. Fizio alituambia tuweke ubao bapa chini ya mto. Fundi wa mbao hapo nje alitukatia kwa shilingi mia mbili. Mia mbili, wasee. Kwa miezi miwili Anko alikaa kama amelewa kwa sababu ya ubao wa mia mbili.

Sasa kuna kitu kingine kuhusu kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo ambacho hakuna mtu alituambia tulipotoka hospitali. Watu wengine wakipigwa hapo, wanasahau upande wa kushoto wa dunia. Macho ni mazima, lakini ubongo unapita ule upande kana kwamba haupo. Anko alikuwa anakula ugali wa kulia na kuacha wa kushoto, halafu analalamika amepewa kidogo. Unageuza sahani, anashangaa. Mwanzoni tulicheka na hiyo pia.

Siku tuliacha kucheka ilikuwa Jumapili. Alitaka kuhamia kochi mwenyewe. Akaweka breki ya kulia, akaegemea, akasimama. Breki ya kushoto hakuiweka. Kwake yeye haikuwepo. Kiti kikajipinda nyuma yake kama mlango, akaenda chini na bega. Anti akapiga nduru, jirani akakimbia ndani, akamshika mkono uliokuwa karibu na kumvuta juu. Mkono uliokuwa karibu ulikuwa ule wa kushoto.

Hapa naomba usome polepole. Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia. Mkono wenyewe ni mzito na unaning'inia hapo kwa mishipa tu. Ukimvuta mtu kwa huo mkono, ama ukimshika kwapani na kumnyanyua, unaweza kuharibu bega. Yule jirani ni mtu mzuri, hana kosa, alifanya kile sisi wote tungefanya. Lakini Anko alilia na lile bega wiki tano. Mwanaume aliyebeba mabelo Gikomba alikuwa analia usiku kwa sababu ya msaada.

Kumsaidia mtu kuhama ni kazi ya kufundishwa, na fizio alitufundisha kwa dakika kumi na tano. Kiti unakileta karibu na kitanda upande wake mzima, kimekaa pembe kidogo, hakijaangaliana na kitanda moja kwa moja. Anahama akielekea upande wenye nguvu. Breki mbili, zote, unaangalia kwa macho. Vibao vya miguu unavikunja juu au unavitoa, na hakuna mtu anavikanyaga akisimama, kwa sababu ukisimama hapo kiti kinapinduka mbele na wewe. Anasogea hadi ukingo, mguu mzima chini, anainama mbele, pua ivuke magoti, ndio anyanyuke. Wewe unamshika kiunoni, kwa mshipi au kwa nyonga. Mkono uliopooza usiuguse kuvuta.

Kuhusu breki ya kushoto, suluhisho lilikuwa rahisi hadi linatia aibu. Tulichukua kipande cha mpira mgumu wa maji, tukakivalisha juu ya ile nondo ya breki ili iwe ndefu, na mkono wa kulia uweze kuifikia kwa kuvuka mapaja. Halafu tukafunga kitambaa chekundu. Kila akitaka kusimama, anti anamuuliza, "Nyekundu iko wapi?" Anageuza kichwa kushoto anaitafuta. Fizio alisema hiyo ya kugeuza kichwa nayo ni mazoezi.

Mkono wa kushoto ukaundiwa mahali pake, ubao mdogo umefunikwa sponji na kufungwa juu ya mkono wa kiti. Kabla ya hapo ulikuwa unaanguka pembeni, na mara mbili vidole viliingia kwa spoki. Hakusikia. Damu ndiyo ilituambia. Mguu wa kushoto pia ulikuwa unateleza nyuma ya kibao na kuburutwa chini, tukaweka ukanda nyuma ya kisigino.

Kuna tabia moja ya nyumbani naipinga kabisa, ile ya kumfunga mtu na leso kifuani ili asianguke mbele. Akiteleza chini, ile leso inapanda shingoni. Kama anahitaji mshipi, uwe chini kwa nyonga, na awe anaweza kuufungua mwenyewe na mkono mzima. Na kama anaporomoka kila saa, shida iko kwa kiti, rudi upime.

Vidonda vya kukaa sitaongea sana kwa sababu vinanitia hofu. Mtu asiyesikia vizuri upande mmoja hajui makalio yanawaka. Weka mkono wako chini ya mto akiwa amekaa: ukisikia mfupa umekukandamiza, huo mto umekufa, nunua mwingine. Anainama mbele au anaegemea upande mara kwa mara, mchana kutwa, na mtu anaangalia ngozi kila jioni. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu. Tafuta mahali pamebadilika rangi, pana joto ama pamekuwa pagumu. Ukipaona na hapatulii baada ya kumtoa hapo, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Sasa nje. Nje ni vita. Barabara za mtaa wetu ziko na mawe, matope na mitaro yenye vifuniko vilivyoibiwa. Vile vigurudumu vidogo vya mbele vya kiti cha hospitali vinaingia kwa kila shimo na kusimama ghafla, na mtu anarushwa mbele. Kama mnaishi mahali pabaya, tafuta kiti chenye vigurudumu vya mbele vikubwa na pana kidogo. Tairi za upepo zinapita mawe vizuri na fundi wa baiskeli anaziba pancha. Lakini jua hili: breki za viti vingi zinashika kwa kubana tairi. Upepo ukipungua, breki inabana hewa. Unaona ameweka breki, na kiti bado kinatembea. Sisi tunapima tairi kwa kidole gumba kila Jumamosi, kama tairi ya baiskeli.

Ukiwa wewe ndiye unasukuma, mwambie kabla hujagusa kiti. "Anko, tunaenda," basi. Mteremko mkali shuka kinyumenyume, wewe ukiwa chini na yeye mgongo kwako, ndio asimwagike mbele. Usining'inize mifuko ya soko nyuma ya kiti, kwa mlima kitampindua nyuma. Na mkimbeba kwa ngazi, maana najua fleti zenu hazina lifti, msishike mikono ya kiti wala vibao vya miguu. Hivyo vitu vimetengenezwa kutoka, na vitatoka. Shika fremu. Anko alikuwa anaishi orofa ya tatu. Tulimbeba mara nne, watu wanne, kila mara mtu anateleza. Mara ya tano tukatafuta nyumba ya chini. Kodi iliongezeka elfu mbili na nusu, na hakuna pesa familia imewahi kutumia vizuri kama hiyo.

Kuna watu walituambia tununue ya umeme, na kuna ile ya kuendeshwa na mkono mmoja, yenye ringi mbili upande mmoja, moja ya kila gurudumu. Kwa wengine zinafaa. Ile ya ringi mbili ni nzito na kuizoea si leo. Ya umeme kwa mtu anayesahau upande wa kushoto ni gari bila kioo cha pembeni, na fizio alikataa kabisa hadi apimwe. Mguu ni bure na hauhitaji chaji.

Halafu kuna kundi lingine, na hapa najua nitakosana na watu wa kanisa la mathe. Hao wanasema kumpa mtu kiti ni kukubali hatatembea tena. Kwa sababu hiyo Anko alikaa kitandani wiki tatu za kwanza akiangalia dari, ati tusimzoeshe. Sikubaliani hata kidogo. Kitandani ndiko mtu hupoteza hata nguvu za ule upande mzima. Anko anafanya mazoezi ya kusimama na kupiga hatua kila asubuhi na fimbo. Lakini mazoezi ni nusu saa, na siku ina masaa mengine. Hayo masaa mengine mlitaka aende choo na imani?

Na wanasiasa, jamani. Kila mara kuna mtu anagawa wilchea uwanjani, mia moja, zote saizi moja, watu wamepangwa kwa mstari, kamera iko mbele. Sijasema wasitoe. Nasema ukigawa viatu mia moja namba tisa kwa watu mia moja, wewe umegawa viatu au umepiga picha? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hivi viti mwaka 2008, wa nchi zisizo na pesa nyingi kama yetu, na mwingine mwaka 2023. Ule wa 2008 una hatua nane za kumpa mtu kiti. Kumpima iko ndani. Kumwekea sawa iko ndani. Kumfundisha yeye na wanaomsaidia iko ndani, na kurudi baadaye kuona anaendeleaje. Sisi hapa huwa tunafanya moja tu, ile ya kukabidhi.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvuka vikwazo vya hali yake. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Tuna NCPWD, baraza la kitaifa, ambalo lina mfuko wa kusaidia watu kupata vifaa, na unaanza kwa kupimwa hospitali na kujisajili. Tuna APDK, shirika lililoanza 1958, ambalo hutengeneza viti hapa hapa Nairobi, kwa hivyo kuna mtu wa kukipima na kukirekebisha. Sisemi foleni ni fupi. Lakini zile elfu kumi na tano tulizokimbiza tao kwa haraka zingetosha kuanzia pale, na tungengoja wiki chache badala ya kupoteza miezi miwili na bega moja.

Kiti cha kwanza bado kiko. Anti anaanikia soksi juu yake. Jirani wa juu aliuliza kama anaweza kumpelekea mamake kijijini, ambaye pia amepigwa na kiharusi. Nilimuuliza mamake ni mrefu kiasi gani, na ni upande gani. Akaniangalia vibaya, kana kwamba nambania. Nimemwambia apige simu nyumbani, mtu ampime goti hadi chini, anitumie hiyo namba kwanza. Bado nangoja.

Kiti cha pili tulikipata baada ya kuchanga tena, sentimita 44, na fizio akakaa na Anko saa nzima akimrekebishia. Barabara kubwa tumemkataza, kwa sababu magari ya upande wa kushoto hayaoni. Ndani ya ploti hadi geti yuko huru. Wiki iliyopita anti alinipigia simu akihema: Anko hayuko kitandani, hayuko sebuleni, na kiti pia hakiko. Nilitoka mbio. Nilimpata kwa kioski hapo ndani ya geti, breki zote mbili zimewekwa, kile kitambaa chekundu kimesimama, mguu wa kulia umekita chini. Alikuwa anabishana bei ya mayai. Akaniambia nitoke hapo mbele, nimemzibia njia.